Kadi Iliyosema "Asipewe Maiki"

Kakese, Mpanda
Jumatatu

Baba Mkubwa Melkiadi,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu maana simu yangu hupokei. Anakuletea Kasimiri, konda wa basi la Usevya, na nimemwambia asiondoke mpaka uifungue. Mgongo unaendeleaje? Mpunga mmemaliza kuvuna? Mama Mkubwa mfikishie shikamoo yangu. Huku tu wazima, ila mimi ugali haushuki tangu useme Jumamosi huji kunikabidhi kanisani.

Naomba nikueleze ile kadi, maana niliitengeneza mwenyewe na ndiyo kazi inayonilisha. Hazikuwa kadi mia mbili. Ni kadi moja tu kwenye tovuti, yenye nafasi wazi baada ya "Karibu sana". Mgeni akiweka namba yake ya simu, kadi inakwenda kwenye orodha ya kamati, inatafuta mstari wake, inachukua kilichoandikwa safu ya tatu na kukipachika pale. Safu ya kwanza namba, ya pili majina, ya tatu heshima: Mzee, Mama Mchungaji, Baba Mkubwa. Ya nne ilikuwa maelezo ya siri kwa wahudumu wa ukumbini.

Sasa Shangazi Suzana akafungua orodha kwenye kompyuta yangu, akakuta majina. Akauliza hii ni adabu gani, wazee wazima kuandikwa majina makavu kama wanafunzi! Akaifuta safu nzima. Zilizobaki zikasogea, siri zikakaa mahali pa heshima, na kadi haina akili, ikaendelea kuchukua ya tatu kama nilivyoiagiza.

Weee! Mchungaji alikaribishwa hivi: "Karibu sana, asikae mbele, husinzia." Mama yake Hilari, mkwe wangu mtarajiwa, akaambiwa nyama apewe mapema kwa sababu hununa. Akanuna kweli, siku mbili. Mary wa kwaya alisoma kwamba mkoba wake uangaliwe wakati wa soda. Alikuja nao hadi nyumbani, akaumwaga mezani nikague.

Na wewe ukafunguliwa yako kwenye mashine ya kukoboa, watu wamejaa, Dina aliyekushikia simu akasoma kwa sauti: "Karibu sana, asipewe maiki." Nasikia hata mwenye mashine aliizima ili acheke vizuri. Uliponipigia kwa hasira nikakwambia aliyeandika ni Shangazi Suzana. Wiki nzima sasa humsalimii dada yako wa tumbo moja, naye kila siku ananiuliza amekukosea nini.

Baba, niliandika mimi.

Ni kweli harusi ya Amosi ulihutubia mpaka wapishi wakaondoka, ila siyo sababu. Najua ukishika maiki utamtaja marehemu mama, alivyoniacha mikononi mwako nina miaka minne. Ukimtaja nitalia mbele za watu, nikaona heri nikunyamazishe wewe. Kisha nikamsingizia Shangazi kwa woga. Nimeshamwambia ukweli. Alinichapa kanga mgongoni, halafu akakaa chini akalia yeye. Nisamehe, naona aibu sana.

Orodha nimeirekebisha. Hakuna haja ya kadi mpya, weka namba yako tena kwenye ile ile. Kwenye mstari wako nimefuta yale maneno ya maiki, hata hilo "Mkubwa". Sasa inasema: "Karibu sana, Baba."

Maiki utapewa. Mtaje mama mpaka uchoke, na mimi nikilia niache nilie.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Kasimiri mpe jibu hata la mdomo.

Mwanao,
Helena