Ngano Chini ya Theluji ya Septemba

Kijijini, 9 Novemba

Kaka yangu Serikbol,

Pokea salamu zetu. U hali gani huko Karaganda, na mgongo wako je? Wifi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Baba anatembea, ila chakula alikuwa akikigusagusa tu.

Habari za ngano umezisikia. Theluji ilituangukia Septemba ishirini na moja, mashuke yakiwa bado yamesimama, na upepo ukayalaza yote. Ilipoyeyuka kidogo tuliokoa theluthi, nayo imelowa chepechepe. Kwenye mtambo wa kukaushia kulikuwa na foleni ya siku tisa, tukaimwaga ghalani hivyo hivyo. Siku ya nne rundo likaanza kufuka mvuke. Ukitia mkono, unautoa haraka. Baba aliligeuza kwa koleo wiki mbili nzima, lakini likachacha. Hata ng'ombe walilikataa.

Kilichomuumiza zaidi ni maneno. Unajua miaka arobaini watu wamekuwa wakimuuliza yeye wavune lini, kwa kuwa alikuwa akiinusa theluji kabla haijaja. Jirani yetu Zhumagali akamtania mbele ya watu: “Mzee Tolegen, pua yako siku hizi ni ya kupenga kamasi tu.” Watu wakacheka, Baba naye akacheka. Tangu hapo hakutoka nje ya ua.

Kaka, sasa nikwambie nililolificha. Siku tano kabla ya theluji, Baba akiwa na homa kali, alinishika mkono akaniagiza nimpigie simu dereva wa mashine ya kuvunia aje kesho yake, kwani theluji inakuja. Nilijua angeamka amfuate shambani, na kifua chake kilivyokuwa kikikoroma, ungekisikia toka mlangoni. Sikupiga simu. Nilimwambia Baba kwamba dereva ana kazi kwingine. Homa ilipomwacha hakukumbuka hata neno moja, nami nikanyamaza.

Juzi nilishindwa, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu, “Nilisema siku gani?” Nikamjibu, Jumatatu. Akavaa kofia yake ya manyoya, akaikanyaga theluji hadi kwa Zhumagali. Aliporudi alikunywa chai, akala mkate wote.

Mimi hajanisemesha hadi leo.

Ukipata ruhusa kazini, njoo. Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Raushan