Kompyuta Iliyobaki Matangani

Nyumbani kwa Mama Kulusum,
Koboko, West Nile.
Tarehe 5 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Hakimu,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na baridi yako ya Kanada. Goti lile uliloanguka nalo kwenye barafu limepona? Unakula chakula cha kueleweka, au bado unaishi kwa mkate na chai kama mtu asiye na kwao? Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Shule zimefungwa, kwa hiyo nimeiacha nyumba yangu ya Mvara na niko hapa nyumbani, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti chako kilichovunjika mkono. Bado hakijatengenezwa.

Mama hajambo. Koo halimuumi tena. Sauti ndiyo haikurudi, na daktari alishasema haitarudi, lakini ukali wake uko pale pale. Anatugombeza kwa macho. Juzi alimfukuza muuza kuni aliyemletea kuni mbichi, bila neno hata moja, na yule mtu alikimbia kweli!

Nakumbuka uliniambia kwa nini umeacha kumpigia simu. Ulisema unaongea peke yako, upande wa pili kimya, na ukikata simu unalia. Sikukulaumu, mdogo wangu. Lakini leo nina jambo la kukueleza kuhusu kimya hicho, na jambo lenyewe halikutosha kwenye simu. Ndani ya bahasha utakuta flash ndogo nimeifunga kwenye kitambaa. Usiichomeke popote kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe na haraka zako.

Kama ulivyosikia, Zuhurah wetu ameolewa. Bwana harusi ni Kamisi, yule kijana wa Arua anayeuza vipuri, mpole mpaka unamwonea huruma kwa mke aliyempata. Mahari, nikaha, pilau, yote yalikwenda vizuri. Kilichotusumbua kilikuwa kimoja tu, nacho kilimnyima Zuhurah usingizi tangu siku aliyochumbiwa.

Wewe unajua desturi ya kwetu. Bi harusi hatoki chumbani mpaka mama yake amwimbie wimbo wa kumtoa, na wanawake wanaitikia kwa ngoma yetu ya doluka. Na mama yetu, wallahi, ametoa mabinti wa nusu ya mji huu. Watu walikuwa wanakuja kumwomba kutoka Arua, ngoma yake akiibeba mwenyewe kwapani. Sasa zamu imefika kwa mtoto wake wa mwisho, na sauti hakuna. Zuhurah alinishika mkono akaniambia, "Dada, mimi nitatoka kimya kimya kama mwizi? Mama ametoa watoto wa watu wote, mimi anitoe nani?" Nilimwambia anyamaze, nikaenda kulia jikoni.

Basi, siku zile bi harusi ameshaingizwa ndani, anafukizwa udi na haruhusiwi kuonekana, Mama akaniita kwa kidole. Alikuwa amefungua sanduku la Mjomba Sulemani, Mungu amrehemu. Unamkumbuka Mjomba na redio yake ya kaseti, hakuna harusi aliyoikosa, kazi yake kurekodi na kula nyama. Kaseti zake nyingi ziliharibiwa na panya. Moja ilikuwa imebaki, ya harusi ya zamani ambayo Mama ndiye aliyeimba. Mama aliniwekea mkononi, akagusa koo lake, kisha akaonyesha mlango wa chumba cha Zuhurah na kuweka kidole mdomoni. Nikaelewa. Sauti yake imtoe mwanawe, na bi harusi asijue.

Nilimpigia Afedra, yule fundi wa Adumi niliyesoma naye, akaja kutoka Arua na redio ya kaseti kwenye begi. Aliigeuza kaseti kwenye mwanga, akaipuliza, akatikisa kichwa. "Dada Jalia," akasema, "hii kaseti iko mugonjwa sana. Itaimba mara moja, labda mbili. Halafu itakatika." Maana yake, kabla hatujaigusa ilibidi kompyuta iwe tayari kuinasa, kwa sababu tukiicheza na kompyuta isipoisikia, sauti ya Mama inakwenda moja kwa moja, na hakuna nyingine duniani.

Sasa kompyuta yenyewe. Ni ile kubwa ya mezani ambayo Zuhurah anachapia kazi za watu. Mwaka jana ilipokwama kabisa, Afedra aliiwekea mfumo mwingine unaoitwa Linux. Nilimwuliza ni wa kampuni gani, akacheka. Hakimu, mfumo ule hauna mwenyewe! Umetengenezwa na watu wengi wa nchi mbalimbali, wengine hata hawajawahi kuonana, kila mmoja anatia mkono wake, kisha wanauacha wazi. Anayetaka anachukua, anachungulia ndani, anarekebisha, anampa mwenzake. Nilimwambia hiyo ni kama kazi ya kumjengea mjane nyumba, kila jirani analeta mti wake. Akasema ndiyo, lakini mjane ni dunia nzima.

Tuliiwasha, Afedra akaweka wimbo wa kujaribu. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Akabadilisha spika, akachomeka waya wa masikioni, akapuliza matundu ya nyuma. Hakuna. Tukafungua mahali pa kuchagua spika, tukakuta jina moja tu, na Afedra akaniambia hilo ni jina la spika ya uongo. Mfumo ukikosa pa kutolea sauti unajiwekea spika ambayo haipo, unaendelea kuimba hewani na hakuna anayesikia. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliposikia hivyo alikaa chini polepole.

Afedra akafungua dirisha jeusi, akaandika amri zake. Mashine ikajibu kwa maandishi kwamba kifaa cha sauti inacho, ikakitaja mpaka jina lake. Lo! Inajua kwamba ina koo, na haitoi sauti. Alihangaika mpaka jasho likamtoka, na harusi ndiyo hiyo inabisha hodi. Mwishowe akasema, "Tuulize wenyewe." Nikasema wenyewe gani, si umesema haina mwenyewe? Akanionyesha ukurasa kwenye mtandao ambapo watu wanaotumia mfumo huo wanaulizana na kusaidiana. Tukaandika, kwa kiingereza changu cha ualimu.

Hakimu, hata chai haijachemka, jibu limekuja! Anayejibu ni mama mmoja nesi wa Brazili, ametoka zamu, yuko kwenye basi anarudi kwake. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, tukaelewana vizuri sana. Aliniuliza kwa nini tuna haraka. Nikamweleza kuhusu Mama, kaseti na harusi. Akaandika kwamba hatalala mpaka tusikie. Mtu asiyejua Koboko iko wapi! Hatujamlipa kitu, hatujamsalimia hata kwa jina lake.

Swali lake lililofuata lilikuwa jepesi. Mashine hii ilitoa sauti mara ya mwisho lini, na baada ya hapo nani aliigusa? Nikageuka nikauliza kwa sauti watu wote waliokuwa sebuleni. Hakuna aliyekumbuka. Jirani yetu Pasca akasema labda ni vumbi, kwake Omugo kila kitu kinakufa kwa vumbi.

Mama ndiye aliyejibu. Alisimama, akachukua kitenge akakifunga kiunoni, akashika tama. Akaonyesha pale Mjomba Sulemani alipokuwa analala. Kisha akazungusha vidole vyake hewani, kama anazima redio. Akaonyesha televisheni, akazungusha. Akaonyesha kompyuta, akazungusha tena. Mwisho akaonyesha mlango wa bi harusi.

Jamani! Siku Mjomba alipofariki, Mama aliagiza kila chenye sauti ndani ya nyumba kizimwe, kama inavyofanywa kwenye msiba. Zuhurah akazima redio, akazima televisheni, na kompyuta nayo, kwa vile ilikuwa na tabia ya kulia ovyo watu wakiwa kwenye dua, akaingia ndani kabisa ya mipangilio yake akaizima sauti kwenye mzizi. Matanga yalipoondoka tulifungua redio. Tukafungua televisheni. Kompyuta hakuna aliyeikumbuka. Ilibaki matangani peke yake miezi yote hiyo, inatii amri ya Mama, na sasa ndiyo ilikuwa inazuia sauti ya Mama mwenyewe.

Nilimwandikia nesi. Alituelekeza tufungue programu ya kusimamia sauti, twende ukurasa wa mwisho, tutazame kile kifaa kimepangwa vipi. Na kweli, palikuwa na neno moja tu: Off. Imezimwa. Afedra akafungua orodha iliyojificha chini yake, akachagua mpangilio wa pili, ule wa kutoa na kuingiza sauti kwa pamoja. Ile spika ya uongo ikapotea, na jina la spika ya kweli likatokea mbele ya macho yetu. Akabonyeza kitufe cha kujaribu. Sauti ya mwanamke wa kizungu ikatangaza kushoto na kulia ndani ya sebule yetu, Pasca akaruka mpaka mlangoni, nasi tukacheka mpaka machozi.

Bado kulikuwa na upande wa kusikia. Afedra alichomeka kipaza sauti, akaniambia niseme kitu, nikasoma Alhamdu, na mstari wa kijani kwenye kioo ukawa unapanda na kushuka na maneno yangu. Mama akasogea. Aliinama, akafungua mdomo, akavuta pumzi na kuitoa. Mstari ukapanda. Hakimu, ulipanda! Kidogo, lakini tuliuona wote. Sisi masikio yetu hayakusikia kitu, na mashine ilimsikia. Mama alirudia, akarudia tena, kama mtoto aliyepata kitu kipya.

Tulichomoa kipaza sauti, tukaingiza waya wa redio, tukasema bismillahi, Afedra akabonyeza. Mwanzo ni mkwaruzo tu. Kisha doluka. Kisha Mama. Sauti yake ile ile, Hakimu, ile nene yenye kukwaruza kidogo chini! Afedra alikuwa ameishusha isivuke mlango wa bi harusi, ila kwenye kioo ilikuwa inajichora mawimbi makubwa, na Mama akaweka kidole juu ya kioo akaifuata, wimbi kwa wimbi, mpaka wimbo ukaisha. Afedra alipotaka kuirudisha kaseti nyuma, ikakatika. Hakuna aliyesikitika.

Siku ya harusi tulifunga spika kubwa uani. Zuhurah alikuwa nyuma ya mlango, amejifunika, amenuna, anajua atatolewa kimya. Afedra akawasha. Sauti ilipotoka, nilisikia kilio ndani ya chumba, "Mama! Mama anaimba!" Mlango ukafunguka. Na Mama alikuwa amesimama pale pale mbele yake, doluka kwapani, anaipiga mwenyewe, midomo yake inafuata kila neno. Wanawake wakaitikia kwa nguvu mpaka mabati yakatetemeka. Zuhurah alitembea akimshika Mama bega, na hakuna mtu uani aliyekuwa na macho makavu, hata Kamisi masikini.

Jioni ile nilimwandikia nesi wa Brazili, nikampa habari. Alijibu kwamba amelia kazini, na kwamba anayestahili shukrani si yeye. Akanitajia watu wengine waliotengeneza kipande hiki na kile cha sauti, majina ya nchi zote. Nimewaombea dua, sikujua nifanye nini kingine.

Sasa nimefika kwenye jambo nililoliacha makusudi. Katikati ya wimbo, doluka inasimama ghafla. Na Mama, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kutuita chakula, anasema: "Hakimu! Hebu toka kwenye ngoma ya watu! Njoo hapa kwangu, baba." Kisha anacheka, na wimbo unaendelea. Ulikuwa mdogo, unatambaa kila mahali, hukumbuki. Afedra aliuliza kama akate kipande hicho. Mama alimkamata mkono. Siku ya harusi spika zilikuita hivyo mbele ya watu wote, uani kukawa kicheko kitupu, na Mama aligeuka akatazama langoni.

Ndiyo flash hiyo. Sasa ichomeke.

Ukishasikia, piga simu. Usiogope kimya tena, tumeshapata dawa yake. Mama ameweka doluka karibu na kiti chake. Wewe ongea, na ukimaliza neno lako yeye atakujibu kwa mkono. Kamisi alipiga jana kusema wamefika salama, akajibiwa kwa ngoma nzima, mpaka akasahau alichotaka kusema.

Zuhurah na Kamisi wanakusalimu sana. Afedra anakusalimu, na Pasca anauliza kama huko kuna vumbi. Nisalimie wenzako wote unaokaa nao. Mwenyezi Mungu akulinde na barafu na upweke, akufungulie njia ya kurudi tukuone kwa macho.

Ni mimi dada yako nikupendaye na nisiyechoka kukugombeza,

Jalia.

Nyongeza: Nilipokuwa nafunga bahasha Mama aliniuliza kwa mkono naandika kwa nani. Nikataja jina lako. Ameshavuta doluka mapajani, na anaitazama simu.