Pijo ya Ntare Ilivyoingia Ukweni

Mugeni, acha unachofanya usome hii. Ntare ameingia kwa wakwe zake kule Ndera na gari lake la Pijo, geti likiwa limefungwa.

Limefungwa, nakwambia. Wazee wake walikuwa wamesimama nje wanangoja kukaribishwa.

Unajua alivyotuchosha na hilo gari la marehemu baba yake. Wiki jana fundi Eustache alimtolea breki za kizamani, akamfungia za diski. Zikawa zinalia kidogo, Eustache akamwambia zitazoea tu. Bwana mkubwa akaona aibu kufika ukweni na gari linalopiga kelele.

Kwenye mteremko wa kushukia getini akakanyaga breki. Gari halina habari.

Baba mkwe akasema polepole, "Sisi tulikuwa bado hatujawakaribisha."

Na Ntare, bila haya, akamnyooshea kidole Eustache, aliyekuwa amekuja na wazee wake, mbele ya watu wote. "Huyu fundi ameniharibia gari."

Eustache akachuchumaa, akapenyeza kidole kwenye diski ndani ya gurudumu, kikatoka kimejaa grisi. "Mimi sikupaka hii. Diski ikipakwa grisi breki haishiki. Ni ya nani?"



Akajibu Umutoni, mchumba mwenyewe. "Ni ya kwetu. Juzi Ntare aliiazima, akasema anaenda kulainisha geti la kwao."