Nilimwambia Koku Umesafiri

Mama, shikamoo. Nimeandika salamu nikangoja kidogo, kana kwamba utaitikia.

Tulikuzika Muleba, penye migomba yako, kama ulivyotaka. Koku wangu nilimwacha hapa Mkolani kwa jirani. Wakubwa wote walinishauri vilevile: mjukuu wa miaka sita haonyeshwi jeneza, mwambie bibi yake amesafiri. Nikamwambia. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, nalilia bafuni, bomba nimelifungulia ili asisikie.

Jumamosi nilimpeleka kwenye ile bustani yenu ya kando ya ziwa. Jumamosi zote mlizokwenda mimi nilikuwa kazini, sikujua hata mnaingilia mlango gani. Koku ndiye aliyeniongoza. Wameweka bembea mpya, watoto walijaa wakipiga kelele, na pimbi bado wanaota jua kwenye yale mawe. Mlinzi akaniuliza yuko wapi yule bibi aliyekuwa anapanda bembea na kanga yake, akikatazwa kwamba hizo ni za watoto anajibu, "Kwani mimi nilizaliwa mzee?" Nilicheka, Mama. Nikasema tu, hayupo.

Koku hakucheza. Alikaa kwenye benchi akitazama maji, na kila mtoto aliyetaka kukaa karibu naye alimkatalia: hapo pana mwenyewe. Nilipomuuliza, akasema anangoja meli ya Bukoba ikurudishe. Aliogopa labda ulishafika Jumamosi nyingine, ukamtafuta hapo, ukamkosa.

Mama, niliona aibu. Nilidhani namkinga, kumbe nilimwacha akingoja peke yake miezi yote hiyo.

Nikamwambia palepale. Ugonjwa, jeneza, kaburi, kilio changu cha bafuni, na kwamba mimi nilimdanganya. Nilijiandaa kwa kilio. Alinitazama, kisha akanifuta uso kwa pindo la gauni lake.

"Kumbe na wewe ulikuwa unalia peke yako?"

Hapo ndipo tulipolia, wote wawili, watu wakitutazama na miwa yao mkononi. Sikujali.

Nyumba bado ni tupu, sikufichi. Jioni nikirudi kutoka kazini hakuna wa kuniuliza nimekula nini. Likizo ya Desemba namleta Muleba, aone kaburi kwa macho yake na akuambie mwenyewe anayotaka kukuambia. Mimi nitasimama nyuma yake.

Pumzika, Mama. Sitamficha tena kilio changu.

Binti yako