Nifute Ukurasa wa Pweza Kabla ya Usaili?

Shikamoo Bi Maimuna, mwanao nimekwama, naomba uninasue. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nasomea pweza wa hapa kwetu Kilwa, na mwaka mzima sasa nina ukurasa wa TikTok unaoitwa Mikono Minane, jina langu sijaweka, humo nawarusha mama na shangazi Hamida wakipekua miamba maji yakitoka, wakieleza kwa nini tunaufunga mwamba usivuliwe miezi mitatu ili pweza wakue, na siku ya kuufungua nikakata kiuno na pweza kichwani kwa vigelegele, wakatazama watu laki moja, Bi Maimuna, laki moja! Sasa wiki ijayo nina usaili wa kazi ya mhadhiri msaidizi, kazi niliyoitamani tangu niko sekondari, na mwenzangu Nassibu anasema kamati hupekua mitandao, wakikiona kile kiuno basi nimeikosa, nifute yote, na huku mama kila asubuhi ananiuliza, "Leo wangapi wametuona?" Halafu kuna video moja, usinicheke, namwigiza msimamizi wangu Dokta Valentini akihesabu pweza huku anateleza kwenye mawe. Maoni siyasomi, naogopa matusi. Nifute?

Mwanaasha, Kilwa Masoko

Marahaba, Mwanaasha. Usifute hata moja! Kamati inatafuta mtu wa kufundisha, wewe umeshafundisha watu laki moja bila ubao, halafu unamsikiliza Nassibu? Ebo!

Ila kosa unalo. Umewaweka mama na shangazi yako hadharani kwa sura zao, wewe msomi ukajificha nyuma ya jina la pweza. Aibu! Leo hii weka jina lako kamili, na ukurasa huo uandike kwenye wasifu wako. Wakikuuliza habari ya kiuno, waambie kwenu mwamba hufunguliwa hivyo, kisha waeleze pweza wamekua kiasi gani.

Kuhusu Dokta Valentini, nilitaka nikuamuru ukamwombe radhi. Nikaona kwanza niitazame video yenyewe, nimecheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha nikasoma maoni unayoyakimbia. La juu kabisa ni la juzi, kaandika yeye mwenyewe: "Mwanaasha, sauti umeipatia. Ila pweza walikuwa kumi na tisa, si kumi na wanane. Ukurasa huu nimeutaja kwenye barua yangu ya kukupendekeza kwa kamati."

Kamati imeshakuona, mwanangu, na bado imekuita. Kapige pasi nguo.