Kura Niliyompigia Kaka

Jumamosi, Kasumulu

Basi nimemwondoa kaka yangu kwenye usukani, na nilinyoosha mkono huku akinitazama.

Timu hii ya mbio za magari tuliianzisha sisi wawili, Ambakisye akiendesha, mimi nikimsomea njia. Tangu tuanze kushinda, kila mtu anataka kuwa bosi. Leo gereji iligawanyika: nusu walimtaka yeye, nusu walimtaka dereva aliyeletwa na mfadhili. Ikabaki kura yangu.

"Tusa, sema," kaka akaniambia.

Ningesema nini? Tangu gari lilipopinduka kule Talatala, anachelewa kukanyaga breki, na anayekaa pembeni yake ni mimi. Nikamchagua mgeni. Mfadhili akapiga makofi, na hayo makofi ndiyo yaliyoniudhi kuliko yote. Ambakisye akatoka.

Jioni akaja hapa nyumbani. Nilidhani amekuja kugombana. Akajimiminia chai, akaketi.

"Ndaga fijo, mdogo wangu," akashukuru. "Mwenyewe nisingeweza kulisema. Kila tukifika kwenye kona, mikono inanitetemeka."