Miche Minne ya Chumba cha Nyuma

Nyasho, Musoma
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Dafroza,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko Songea? Watoto wanaendeleaje? Mimi sina nafuu. Kalamu naishika kwa mikono miwili, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi.

Nina jambo nililolificha miaka sita. Bangi waliyoikuta polisi nyumbani kwangu haikuwa ya kaka yako Emanuel. Ilikuwa yangu.

Unanijua kama mwalimu wa kilimo na mzee wa kanisa. Nilipostaafu niliziba dirisha la chumba cha nyuma kwa bati, nikatundika taa kali, nikapanda miche kwenye ndoo. Si njaa iliyonituma. Nilitaka kuona kama mikono yangu bado inaweza kuotesha kitu pasipo jua.

Mwanzoni nilipanda miche midogo mingi. Haikunifika hata magotini. Niliivuna mapema, na mgeni alipokuja alikuta chumba kitupu. Kisha kiburi cha ualimu kikaniingia: je, michache ikiachwa ikue, haitazaa zaidi? Nikabakiza minne, ikakua hadi ikagusa dari.

Ukipima mche kwa mche, mkubwa unashinda. Ukipima chumba kizima kwa mwaka mzima, midogo inashinda, kwa sababu mkubwa unakaa. Huo ndio ubaya wake, mwanangu. Unakaa.

Ilikuwa imebaki miezi miwili ivunwe Emanuel alipokuja kutoka Bunda kutafuta kazi. Ingekuwa midogo, ningekuwa nimekwisha kuvuna. Kumfukuza mtoto wa marehemu ndugu yangu sikuweza, na kuikata sikutaka. Nikakifunga chumba kwa ufunguo, kisha nikavundika mihogo chini ya lile dirisha ili harufu ya mihogo inayogeuka udaga ifunike ile ya bangi.

Emanuel alicheka sana. "Baba, mihogo yako inanukaga kuliko choo cha stendi ya Bunda!" Nikacheka naye.

Aliyeshtuka ni jirani yangu Bhoke. Udaga ukiiva huanikwa. Wangu ulivunda wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeuona juani. Asubuhi moja alikuja mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mzee, mwangalie kijana wako. Udaga gani huu usioanikwa? Mwenyekiti wa mtaa anakuja na polisi sasa hivi."

Kijana wako, alisema. Hakuwaza kwamba ningekuwa mimi.

Mahakamani Emanuel alinitazama akasema, "Baba, si uwaambie?" Niliinamisha kichwa. Akafungwa miaka thelathini.

Barua hii mpelekee wakili wa kaka yako bila kukawia. Mchungaji Gabriel ameshuhudia saini yangu. Wakili akitaka kunihoji, aje nikiwa bado hai. Na usikubali nizikwe Butiama kando ya baba yako Mseti kabla Emanuel hajatoka.

Nisalimie mumeo Samwel na mama yako Anastazia, ambaye sina uso wa kumtazama. Mungu awafunike kwa rehema nisiyothubutu kujiombea.

Limebaki moja. Kilichomfunga Emanuel ni ufunguo wa chumba kile, uliokutwa kwenye koti lake. Bhoke aliponionya, Emanuel alikuwa anaoga, na koti limetundikwa mlangoni. Niliutia mimi.

Akupendaye hata sasa,
Baba yako mkubwa,
Stanislausi